Wimbo wa Harris Neck: kisa kimoja na namna ya kupima undugu wa lugha

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Harris Neck, kijiji cha pwani katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Amelia Dawley aliimba mbele ya mashine ya kurekodi sauti wimbo wa mistari mitano ambao yeye mwenyewe hakujua maana yake. Aliupokea kwa mama yake, akampokeza bintiye Mary, na katika ukoo wao ulikuwa wimbo wa nyumbani tu, wa kuwachezesha watoto. Aliyekuwa nyuma ya mashine ni Profesa Lorenzo Dow Turner, naye pia maana yake hakuijua siku hiyo. Alichoweza kufanya ni kuunasa kama ulivyo, sauti kwa sauti, bila kuusahihisha.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya kutoa machozi, na kweli kinaliza. Hapa ninakileta kwa sababu nyingine. Ni mojawapo ya visa vichache ambamo uhusiano kati ya lugha ya Afrika na usemi wa wazao wa Waafrika ng'ambo umefuatwa hatua kwa hatua, kutoka mdomo wa mwimbaji hadi kijiji kinachojulikana kwa jina. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mazoea ya kusikia neno la Jamaika au la Brazil linalofanana na la kwetu, tukatangaza undugu papo hapo kabla hata ya kuuliza limepita njia gani. Kisa cha Harris Neck kinaonyesha ni ushahidi wa namna gani unaotosha, na kwa hiyo kinaonyesha pia ni ushahidi gani hautoshi.

Wagullah, ambao upande wa Georgia huitwa zaidi Wageechee, ni wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani katika visiwa na nyanda za chini za pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, kuanzia North Carolina hadi kaskazini mwa Florida. Zao kuu la sehemu kubwa ya pwani hiyo lilikuwa mpunga, ambao Waingereza waliohamia huko hawakuwa na ujuzi nao, kwa hiyo wanunuzi wa Charleston, mji wa bandari wa South Carolina, waliwapendelea mateka waliotoka katika nchi za wakulima wa mpunga, yaani ile pwani inayoanzia Senegal hadi Sierra Leone na Liberia ya leo. Katika mlango wa mto Sierra Leone kipo kisiwa cha Bunce, ambacho kilikuwa ngome ya biashara ya watumwa. Tangu mwaka 1748 ngome hiyo ilikuwa mikononi mwa Richard Oswald na washirika wake wa London, na wakala wao Charleston alikuwa Henry Laurens, aliyepokea shehena za watu na kuziuza kwa kamisheni. Majaruba yalizaa mbu, mbu wakaleta malaria na homa ya manjano, na mabwana wengi wakawa wanahamia mjini kila msimu wa joto na kuwaachia wanyapara mashamba. Matokeo yake ni kwamba watu weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu kwa mbali, nao wakabaki visiwani wakisemezana wenyewe kwa wenyewe hadi karne ya 20, madaraja yalipoanza kujengwa. Lugha iliyozaliwa katika mazingira hayo, Kigullah, ni krioli, yaani lugha mpya iliyotokana na kukutana kwa lugha kadhaa, ambayo maneno yake mengi ni ya Kiingereza, lakini Mwingereza aliyeletwa ghafla barazani hapo angeachwa njiani.

Wasomi wa Marekani wa wakati huo hawakuiona hivyo. Mwaka 1922 Ambrose Gonzales, mwandishi wa habari wa South Carolina, alichapisha hadithi za Kigullah na kuzitangulizia maelezo kwamba usemi huo ni Kiingereza cha wakulima wa Kizungu kilichoharibikia katika vinywa vya watu wazembe wa kutamka. Miaka miwili baadaye George Philip Krapp, mtaalamu wa Kiingereza mwenye heshima zake, alishikilia kwamba usemi wa watu weusi wa Marekani umetokana karibu wote na Kiingereza cha zamani. Ubaya wa hoja hizi haukuwa dharau peke yake. Waliozitoa hawakujua hata lugha moja ya Afrika Magharibi, na mtu asiyejua Kimende, lugha ya Sierra Leone, hawezi kukisikia Kimende hata kikiimbwa sikioni mwake.

Turner alizaliwa mwaka 1890 huko North Carolina, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1926, na alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya kuwa mwanaisimu. Katika kiangazi cha 1929, alipokuwa akifundisha Orangeburg, South Carolina, aliwasikia wanafunzi wake wakizungumza kwa namna ambayo hakuweza kuifuata, ndipo akaanza kuuliza. Alijifunza fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, akaenda visiwani na mashine yake, kisha mwaka 1936 akaenda London kusoma lugha za Afrika, kwa kuwa alitambua kwamba nusu ya kazi yake haiko Georgia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1949, kikiwa na maneno yapatayo 4,000 aliyoyahusisha na lugha za Afrika, sehemu kubwa yakiwa majina ya watu.

Majina hayo yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo yaliyowaponyoka watangulizi wake. Mtoto wa Kigullah alikuwa na majina mawili: la Kiingereza, lililoandikwa shuleni na kanisani na kutajwa mbele ya mgeni, na jingine la nyumbani, ambalo wenyewe huliita jina la kikapuni, lililotumiwa na ndugu na majirani. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwa maana wapo wazee mitaani kwetu ambao jina lao la cheti hujulikana siku ya mazishi. Mtafiti aliyefika na daftari akauliza jina aliambiwa la kwanza, akaondoka ameridhika.

Hata Turner, mtu mweusi, hakufunguliwa milango yote siku ya kwanza. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba aliwahi kwenda kisiwa cha Edisto na msomi mwenzake Mzungu, ambaye alizungumza kwa sauti iliyomkera mwenyeji. Mahojiano yakakatika hapo hapo, kuomba radhi hakukusaidia kitu, na wakati wa kuondoka mwenyeji alimsogelea Turner akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini amemleta huyo buckra. Neno hilo, lenye maana ya Mzungu, linatokana na mbakara ya Kiefik na Kiibibio vya kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, na linasikika pia Jamaika. Kwa swali moja, mwenyeji yule alitoa lawama na data kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye mtego. Katika Kigullah na katika Kijamaika kuna neno nyam, maana yake kula. Mswahili akilisikia huruka: hilo si nyama yetu? Maana zinakaribiana, sauti ni ile ile, na mtu anaweza kwenda nalo nyumbani kwa furaha. Lakini Turner alilihusisha na Kiwolof na Kifula, ambamo maneno yenye umbo kama hilo ni vitenzi vyenye maana ya kula hasa, na lugha hizo zinasemwa katika sehemu ile ile ambayo meli za Charleston zilipakia watu. Nyama ya Kibantu ni nomino, ni kitoweo na ni mnyama. Kuna watumwa wengi waliotoka Kongo na Angola waliofika pwani hiyo, na maneno yao yapo: nguba, yaani karanga, imetoka huko na ikaingia hata katika Kiingereza cha kusini mwa Marekani. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Wabantu hawakuongeza chochote katika chungu. Hata hivyo, kati ya neno linalolingana kwa sauti tu na neno linalolingana kwa sauti, kwa maana, kwa aina na kwa njia ya safari, mchambuzi hana budi kuchukua la pili.

Mfano mwingine ni wa sarufi, nao unatuhusu zaidi. Baada ya vitenzi vya kusema, kusikia na kujua, Kigullah hutumia neno lenye sauti ya say pale ambapo sisi tungeweka "kwamba". Turner alilihusisha na sɛ ya Kitwi cha Ghana, inayofanya kazi hiyo hiyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini tukumbuke kwamba "kwamba" yetu nayo imetokana na kuamba, yaani kusema, bila ya Mtwi yeyote kupita Lamu. Lugha nyingi duniani zimegeuza kitenzi cha kusema kuwa kiunganishi. Hapa kufanana peke yake hakuthibitishi urithi. Kunaonyesha tu kwamba urithi unawezekana.

Ndiyo maana wimbo wa Bi Amelia ni ushahidi wa daraja nyingine. Neno moja linaweza kufanana na jingine kwa bahati, lakini mistari mitano mfululizo, yenye nomino, vitenzi na ukanushaji vinavyokaa katika mpangilio wa sarufi moja, haiwezi kuangukia kwa bahati juu ya lugha iliyo umbali wa bahari nzima. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliyekuwa akisoma Marekani aliitambua lugha kuwa Kimende, na katika kitabu cha 1949 Turner akaweka maneno ya wimbo pamoja na tafsiri. Humo linatajwa kaburi ambalo halijakamilika, moyo unaoombewa upoe, na kifo cha ghafla. Watoto wa Harris Neck walikuwa wakichezeshwa kwa wimbo wa mazishi.

Baada ya hapo jambo hilo lilikaa kitabuni kwa miongo minne. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Joseph Opala, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyekuwa akifundisha Chuo cha Fourah Bay mjini Freetown na aliyekwisha kufanya utafiti katika kisiwa cha Bunce, aliungana na Cynthia Schmidt, mtaalamu wa muziki wa jamii, na Tazieff Koroma, mwanaisimu wa Sierra Leone ambaye Kimende ni lugha yake. Mchango wa Koroma ndio kiini cha kisa hiki, ingawa wasimulizi wengi huupita haraka. Akisikiliza sauti ya Bi Amelia, alitambua katika wimbo dalili ya lahaja ambayo si ya Kimende chote, ikielekeza upande wa kusini mwa nchi. Kutoka bara zima, uwanja ukawa umebanwa hadi lugha moja, na sasa kutoka lugha moja hadi sehemu ya wilaya. Kazi ya aina hii haiwezi kufanywa na kamusi, kwa sababu inahitaji sikio la mtu aliyekua akisikia jirani anavyotamka tofauti na mama yake.

Tafsiri nayo ilibadilika. Mstari wa kwanza, ambao katika kitabu cha Turner unasomeka kama malalamiko ya watu wanaoteseka wakati wa jioni, Koroma aliusikia kuwa ni wito: njoni pamoja, tujitahidi, kaburi halijakwisha. Tofauti hiyo isitushangaze, kwa kuwa maneno yaliyopita vinywani mwa vizazi kadhaa visivyoyaelewa hupoteza ncha zake, na Kimende ni lugha ya toni, ambayo sauti ikipanda au kushuka mahali pasipo pake hutoa neno jingine. Lakini moyo kupoa ulibaki katika tafsiri zote mbili. Nikiongeza langu, kipande hicho ni kigumu kukieleza kwa Kiingereza bila kukizungushia maneno ya amani na utulivu, hali Mswahili anayejua maana ya kumwambia mfiwa "pole", na ya kusema moyo umepoa, anakipokea kilivyo. Simaanishi kwamba Kimende na Kiswahili vimerithi usemi huo mahali pamoja. Ni bahati njema ya msomaji, na bahati si hoja.

Mwaka 1990 Schmidt alizunguka vijiji vya kusini akiwachezea watu ile sauti ya Harris Neck. Katika kijiji cha Senehun Ngola, wilayani Pujehun, mwanamke mmoja, Bendu Jabati, aliutambua na kuimba wa kwao. Haukuwa neno kwa neno, ila ulilingana kiasi kwamba hapakuwa na shaka ni wimbo mmoja. Alifundishwa na bibi yake, na ulikuwa wa tenjami, maana yake kuvuka mto, ibada iliyofanywa na wanawake kaburini ili marehemu avuke salama kwenda kwa waliotangulia. Ibada hiyo ilikuwa imekwisha kuachwa wakati dini nyingine zilipoenea. Bibi yake Bendu hakukubali wimbo ufe nayo, kwa hiyo aliuhamishia kwenye kazi za kila siku, na alimwambia mjukuu wake kwamba ipo siku utawarudishia ndugu waliopotea.

Hapa ndipo ninapoona jambo lenye kufikirisha kuliko mengine yote. Pande zote mbili za bahari wimbo uliondoka kaburini ukaingia nyumbani, na pande zote mbili waliouhamisha ni wanawake waliokuwa na watoto karibu yao. Zaidi ya hayo, upande uliopoteza maana ndio uliopata sababu ya kuyashika maneno kama yalivyo. Anayeelewa anachoimba huongeza, hupunguza, hubadilisha jina la marehemu, huuboresha mstari; asiyeelewa hana la kubadilisha, hurudia kama alivyosikia. Wapo watakaosema kwamba huku ni kubahatisha kwangu. Lakini atakayelinganisha mtoto wa madrasa anayehifadhi aya bila kujua Kiarabu na mzee anayesimulia ngano kwa lugha yake mwenyewe ataona ni nani kati yao anayekwenda neno kwa neno.

Kipimo kizuri cha ukali wetu ni wimbo wa pili, uliotoka pwani hiyo hiyo ya Georgia. "Kumbaya" umezunguka dunia ukiambatana na maelezo kwamba ni wa Kiafrika, wengine wakiutaja kuwa wa Angola, na kwa masikio yetu neno lenyewe lina mdundo wa Kibantu kabisa. Ila mojawapo ya nakala zake za mwanzo kabisa zilizorekodiwa, ambayo Robert Winslow Gordon, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, aliinasa mwaka 1926 na sasa imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, inaimba wazi "come by here", yaani njoo hapa. Ni sala ya watu weusi kwa Kiingereza chao, iliyotamkwa kwa namna yao. Hivyo pwani moja, katika muda usiotimia miaka kumi, ilitoa wimbo unaosikika kama wa Afrika ambao maneno yake ni ya Kiingereza, na mwingine uliosikika kama mchezo wa watoto usio na maana, ambao ni Kimende kitupu. Aliyetegemea sikio peke yake angekosea mara mbili.

Hata ushahidi huu wenye nguvu una mipaka. Hauthibitishi kwamba mzee wa kwanza wa ukoo wa Dawley alitoka Senehun Ngola yenyewe. Unathibitisha kwamba alitoka kwa watu walioufanya tenjami kwa lahaja ile, na vijiji vingine vilivyokuwa na wimbo huo huenda viliusahau kabla Schmidt hajafika. Wala hauthibitishi kwamba Kigullah kimejengwa juu ya Kimende. Mwanahistoria P. E. H. Hair, alipopitia data za Turner mwaka 1965, alionyesha jinsi Sierra Leone inavyojitokeza kwa nguvu, hasa katika nyimbo na vipande virefu, na Turner alirekodi pia watu waliojua kuhesabu kwa Kifula. Lakini vipande kama hivyo ni kumbukumbu zilizobebwa zima zima, mithili ya sanduku lisilofunguliwa, ilhali lugha ya kila siku ilijengwa na watu wa kila upande. Mwaka 1858, nusu karne baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa, jahazi la Wanderer lilishusha kwa magendo mateka wapatao 400 kutoka eneo la Kongo katika kisiwa cha Jekyll, si mbali na Harris Neck.

Inafaa pia kutenganisha urithi na uchaguzi. Wamarekani weusi waliojipa majina ya Kiswahili katika miaka ya 1960, na sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa mwaka 1966 kwa maneno kama umoja, kujichagulia na ujima, waliichagua lugha yetu kwa hiari na kwa sababu za kisiasa. Wengi wa mababu zao walitoka magharibi na kati ya Afrika. Uhusiano huo ni wa kweli, na sisi tuna haki ya kuufurahia, lakini ni wa aina nyingine kabisa, na kuuchanganya na ule wa Harris Neck ni kuutendea kila mmoja usivyostahili.

Opala na Schmidt walimkuta Mary Moran, binti wa Amelia, akiwa hai na bado anaukumbuka wimbo. Hakuwa akiishi tena mahali ulipoimbwa. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaondoa Wageechee wa Harris Neck ili kujenga uwanja wa ndege za kijeshi, na ardhi hiyo tangu 1962 imekuwa hifadhi ya wanyamapori na ndege. Safari yake ya kwenda Sierra Leone nayo ilizuiwa na vita vilivyoanza Machi 1991, na Pujehun ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kufikiwa. Nafasi ilipatikana mwaka 1997, katika miezi michache iliyokuwa kati ya makubaliano ya amani ya Novemba 1996 na mapinduzi ya Mei 1997.

Bi Mary alifika Senehun Ngola na familia yake. Yeye na Bi Bendu hawakuwa na lugha ya pamoja ya kuamkiana, kila mmoja akawa anamsubiri mkalimani. Wimbo haukuhitaji mkalimani. Wanawake wa kijiji waliwaandalia wageni tenjami, ambayo kwa wengi wao ilikuwa jambo la kusimuliwa tu, na walipofika kwenye mstari wa kaburi lisilokamilika, mgeni aliyeuimba utotoni kama mchezo aliuimba pamoja nao akiwa, kwa mara ya kwanza, mahali panapofanana na maneno yake.